Uyoga Haugeuzwi

Kofia ya uyoga ikilazwa chali juu ya mkaa, mikunjo yake ikitazama juu, mwanzoni hakuna kinachotokea. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani moto umezimika. Kisha, baada ya muda wa kunywa nusu kikombe cha chai, tone moja dogo hutokeza kati ya mikunjo, likafuata la pili, halafu kofia nzima ikalowa na kugeuka kibakuli cha maji yake yenyewe. Hayo maji ndiyo chakula. Mume wangu, Iwao, husema kilichobaki ni chombo tu, ingawa chombo chenyewe hukitafuna chote mpaka kikonyo.

Sheria ya nyumba yetu ni moja: uyoga haugeuzwi. Ukiugeuza, maji yanamwagika kwenye mkaa, na miaka miwili ya kulilea gogo linalouzaa imekwenda na moshi. Neno letu baya kuliko yote limetoka hapo. Majirani zetu hapa milimani Oita wakikasirika huitana wapumbavu, sisi husema, "Amemwaga." Daktari aliyemwambia Iwao kwamba ana moyo wa kijana wa miaka ishirini, kisha akamwandikia vidonge vya maisha, amemwaga. Diwani aliyeahidi barabara akaleta bango la barabara, naye amemwaga. Mimi nimeambiwa nimemwaga mara nyingi katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa, nami humrudishia Iwao neno lake kila anapofungua mdomo mbele ya mwanamume aliyeletwa nyumbani na binti yetu.

Maana Kanae alikuwa amekwisha kuleta wawili. Wa kwanza aliuliza kama uyoga wetu hauwezi kupikwa kwenye mikrowevu. Wa pili, mwalimu mpole niliyempenda mimi, alikula vizuri, akasifu, akafuta mdomo, kisha akasema magogo elfu tatu ni mzigo kwa mzee na afadhali yauzwe. Iwao alimwomba radhi, akaenda msituni, na hakurudi mpaka aliposikia gari la mgeni likiteremka mlima. Kanae hakulalamika. Alirudi mjini kwenye kazi yake ya kusambaza uyoga wetu mkavu, na huko akatimiza miaka thelathini na saba.

Sasa lazima niseme jambo la mialoni, kwa sababu ndilo lililokuwa likininyima raha. Gogo la mwaloni huzaa uyoga kwa miaka minne, mitano likijitahidi, kisha hulegea hata ukalichimba kwa kidole. Kwa hiyo kila Novemba, majani yakianza kugeuka manjano, lazima mialoni mipya ikatwe, ili majira ya machipuko yakifika magogo yatobolewe na kupandikizwa mbegu. Mwaka ambao hukati mialoni ndio mwaka ulioanza kufunga kazi. Na Septemba hiyo, tukiwa mezani, Iwao alisema bila kunitazama, "Mwaka huu sikati."

"Kwa nini?"

"Nimkatie nani?"

Akaendelea kula. Msumeno ulibaki ukining'inia kwenye msumari ghalani, na tupa ya kuunolea ikalala kando yake na vumbi lake. Kila siku nilipita pale nikijifanya sioni. Niliumia, sitaficha. Mimi niliolewa hapa nikitoka ng'ambo ya mto, nikachukia harufu ya magogo kwa mwaka mmoja, halafu nikaizoea mpaka nikawa naisikia kwenye nywele zangu mwenyewe na kuipenda. Sikutaka nyumba yetu iishie kwenye maneno mawili yaliyosemwa na mtu mwenye wali mdomoni.

Basi Kanae alipopiga simu mwishoni mwa Oktoba kusema kwamba Jumamosi anamleta mtu wa tatu, na kwamba huyu yuko tayari kuingia nyumbani kwetu, kuchukua jina letu la Kurogi na kujifunza kazi ya magogo tangu mwanzo, nilikaa chini pale pale jikoni, sakafuni.

"Ni mkulima?" niliuliza.

"Ni mtaalamu wa lishe, Mama. Yuko hospitalini, mimi ndiye ninayepeleka uyoga kwenye jiko lao. Ana miaka arobaini na mmoja."

"Anakula uyoga?"

Nilimsikia akihamishia simu sikio jingine.

"Mama, yule anaujua uyoga kuliko sisi sote."

Ningekuwa na akili zangu timamu siku hiyo, ningesikia kwamba nilichouliza hakikujibiwa.

Norimasa Toriumi alikuwa mtu mrefu mwenye masikio makubwa na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikunjo isiyoonekana. Alisimama mlangoni, akasema, "Samahani kwa kuwasumbua," akainama kwa heshima kubwa kiasi kwamba miwani yake ilianguka ndani ya kiatu cha Iwao. Kanae aliiokota. Niliona jinsi alivyoifuta kwa pindo la sweta yake kabla ya kumrudishia, bila haraka, kama anayefuta kitu chake, nikajua kwamba safari hii binti yangu amepatikana. Hapo ndipo woga uliponishika sawasawa.

Zawadi ya mgeni kwa kawaida hufunguliwa akishaondoka. Iwao aliifungua palepale, maana alikuwa ameamua tangu asubuhi kuwa mtu mgumu. Ndani ya kitambaa mlikuwa na chupa mbili za sosi ya soya, zenye maandishi ya kijani: chumvi kidogo.

"Kanae alinieleza kuhusu shinikizo lako la damu, Mzee," alisema Norimasa.

"Kanae ana mdomo mrefu."

"Baba!" alisema Kanae.

Hapo sikuweza kumtetea mgeni, ingawa moyoni nilimshangilia. Iwao hutia sosi ya soya kwenye kila kitu. Hutia kwenye tofu, kwenye samaki aliyekwisha kutiwa chumvi, hata kwenye kachumbari ambayo mimi mwenyewe nimeiloweka kwenye sosi hiyohiyo. Daktari alimkataza, nikaificha chupa ndani ya pipa la mchele, akaipata kwa kunusa. Kwenye uyoga ndiyo humimina bila hata kutazama. Nimeyasema haya kwa miaka, nikaambiwa mimi namwaga.

Tulikaa barazani kuzunguka jiko la udongo la mkaa. Ilikuwa saa sita mchana, jua la vuli limetulia uani, na uyoga tuliouanika ulikuwa umetandazwa kwenye nyungo, mikunjo juu. Iwao alichagua vichwa vinne vya donko, ule uyoga mnene uliokua polepole kwenye baridi, kofia yake ikiwa bado imejikunja na mgongo wake umepasukapasuka. Ndio anaoupenda kuliko wote. Akavikata vikonyo, akaviweka kando, kisha akamtazama mgeni.

"Wewe ni msomi. Hebu niambie, kwa nini tunauanika hivi, mikunjo ikitazama jua?"

Norimasa alinyooka mgongo. Nimeona watu wakifurahi, lakini sijapata kuona mtu aking'aa kwa swali.

"Kwa sababu ya vitamini D, Mzee. Ndani ya uyoga mna kitu ambacho jua likikipiga hugeuka kuwa vitamini D, na hapo kwenye mikunjo ndipo jua linapopata nafasi kubwa. Mwili unaihitaji ili uweze kutumia kalsiamu ya chakula kwenye mifupa. Wazee wangu wa wodini wengi hawatoki nje, kwa hiyo nawaambia, kama hamwezi kwenda kwenye jua, basi kuleni uyoga uliokwenda kwa niaba yenu."

"Marehemu baba alisema tunaugeuza hivyo ili uone aibu, ukauke upesi."

"Hiyo pia inawezekana," alisema Norimasa kwa uangalifu mkubwa, na Kanae akacheka kwa pua.

Akaendelea bila kuombwa. Alieleza kwamba uyoga hauna mafuta karibu kabisa. Kwamba una nyuzinyuzi zinazolisaidia tumbo kufanya kazi yake. Kwamba una potasiamu, madini yanayousaidia mwili kuitoa chumvi iliyozidi, jambo ambalo kwa mtu mwenye shinikizo la damu si dogo. Alisema vilevile kwamba uyoga una utamu wake usiotokana na sukari wala chumvi, utamu unaoukaza ulimi na kuuachia taratibu. Alivyouelezea, nilianza kumeza mate kana kwamba sijauona maishani. Iwao alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi namjua: huo ndio mkao wake wa kukubali huku anakataa.

"Haya," alisema hatimaye. "Maneno yametosha. Tule."

Akavipanga vichwa vinne juu ya wavu, chali, kila mmoja wetu na chake. Na hapo ndipo nilipoiona mikono ya mgeni. Ilikuwa magotini, imeshikana, vidole vyeupe. Uso wake nao ulikuwa umeanza kufanana na tofu.

Tulingoja. Tone la kwanza likatokeza. Likaja la pili. Kofia zikajaa taratibu, na harufu ile ya msitu uliolowa ikapanda barazani. Iwao alifumba macho kuinusa, kama afanyavyo siku zote. Alipokuwa amefumba, Norimasa alinyoosha vijiti vyake, akaushika uyoga uliokuwa mbele yake, akaugeuza.

Mkaa ulilia. Moshi mweupe ukapanda na jivu likaruka mpaka kwenye miwani yake. Iwao akafumbua macho. Kanae aliziba uso kwa viganja viwili.

"Umemwaga," alisema Iwao.

Hakusema kwa sauti kubwa. Angepiga kelele ningepumua. Nilitazama mlango wa kwenda msituni, nikajua kwamba baada ya muda mfupi ataomba radhi na kuondoka, na kwamba binti yangu ataiokota ile miwani safari nyingi zijazo lakini si katika nyumba hii.

Norimasa alisogeza mto wake nyuma, akainama mpaka paji la uso likagusa ubao.

"Mzee Kurogi, niseme ukweli. Niliugeuza kwa sababu niliogopa hautaiva. Sijala uyoga huu kwa miaka thelathini na minne."

"Nini?"

"Nilipokuwa na miaka saba, mjomba wangu aliuchoma kwenye moto mkubwa. Nje ukaungua, ndani ukabaki mbichi. Siku ya pili yake mgongo wangu wote uliota michirizi myekundu, kama nimechapwa fimbo. Mwalimu aliita polisi, akidhani baba ananipiga. Baadaye nilisoma, nikajua kwamba ni uyoga mbichi tu unaofanya hivyo, tena kwa watu wachache. Nawaeleza wagonjwa kila siku, na naamini kila neno. Lakini ukinikaribia mdomoni, mgongo unakumbuka."

"Na hawa wagonjwa wako wanajua?"

"Mmoja alinibaini. Bibi wa miaka tisini. Aliniuliza, 'Wewe mwenyewe unaupikaje?' Nikamdanganya. Akacheka, akaniambia, 'Mwanangu, sauti yako haina mate.' Tangu siku hiyo sijaweza kusimama vizuri mbele ya watu. Ndiyo maana nilimwomba Kanae anilete. Nimechoka kuujua tu."

Iwao alimgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Yaani kati ya wanaume wote wa Oita, umeniletea mtu asiyekula uyoga aje kurithi uyoga."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga Kanae, lakini kidevu chake kilikuwa juu, kidevu cha baba yake kabisa. Iwao, kwa kukosa la kufanya na mikono, alichukua chupa yake, ile ya zamani yenye chumvi zote, akamimina kwenye uyoga wake kama kawaida, bila kutazama, huku bado amemkazia mgeni macho. Kofia ilikuwa tayari imejaa maji yake. Sosi nyeusi ikaingia, ikafurika, ikateremka pande zote, na mkaa ukalia kwa mara ya pili.

Norimasa, paji lake likiwa bado ubaoni, alisikia.

"Samahani, Mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Na huo pia umemwagika."

Nikamwangalia Kanae, naye akaniangalia, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Kicheko kilinitoka kikiwa kizima, kile cha tumboni, cha aibu, kikanitoa machozi, na Kanae akaanguka begani kwangu akicheka na kulia kwa pamoja. Iwao alitazama chupa mkononi mwake. Akautazama uyoga wake mweusi, na maji yaliyokuwa yakikauka juu ya mkaa.

"Mnacheka nini?"

"Baba Kanae," nilimwambia nilipoweza, "huyu anaogopa uyoga. Wewe unaogopa nini?"

"Mimi siogopi kitu."

"Unaogopa uyoga usio na sosi. Lini mara ya mwisho uliula mtupu?"

Aliisogeza chupa nyuma ya goti.

"Basi sikilizeni, nyinyi wanaume wawili," nilisema, na sijui ujasiri ule niliutoa wapi. "Yeye atakula mmoja. Na wewe utakula mmoja, bila tone la soya. Mmoja akikataa, mwingine ana haki ya kuondoka na heshima yake."

Iwao alikuna shingo. Norimasa aliinua kichwa, na alama ya ubao ilikuwa imejichora kwenye paji lake.

"Mimi nakubali," alisema, "kama Mzee atanifundisha kujua umeiva."

Nadhani ni hapo, kwenye neno kufundisha, ndipo mume wangu alipoanza kuteleza, ingawa mwenyewe ataapa kwamba sivyo. Alichagua vichwa viwili vingine vya donko. Akautawanya mkaa kwa koleo mpaka joto likapungua. Akavuta mto wake, akakaa bega kwa bega na mgeni.

"Mjomba wako alitumia moto wa hasira," alisema. "Uyoga unataka moto wa mtu aliyeshiba. Tazama. Hilo ni tone la kwanza. Wengi hapa ndipo wanapoutoa, wakaula nusu mbichi. Usishike vijiti! Weka mikono chini."

"Nimeweka."

"Sasa umejaa. Bado. Ngoja maji yacheze."

"Yanacheza, Mzee."

"Yanatikisika. Hayo si kucheza."

Tulingoja wote wanne, vichwa vimekaribiana. Ukingo wa kofia ulianza kujikunyata. Maji yakafanya mapovu madogo katikati, kisha kila mahali, na harufu ikabadilika. Ile ya msitu ikaondoka, ikaja nyingine, ya kitu kilichookwa, yenye utamu. Iwao aliacha mapovu yaendelee muda mrefu kuliko nilivyopata kumwona akiacha. Nilielewa kwamba anauivisha kwa ajili ya yule mtoto wa miaka saba.

"Sasa," alisema.

Nikakata kabosu, ndimu yetu ya kijani, nikakamua matone machache juu ya kila kofia. Kila mmoja akaushika wake kwa vijiti, ukiwa umesawazishwa, maji yakiwa yametulia ndani. Walitazamana. Nyuso zao zilikuwa za watoto wanaosubiri kunyweshwa dawa.

"Tangulia wewe," alisema Iwao.

"Tafadhali, mwenye nyumba kwanza."

"Mgeni kwanza."

"Kuleni!" tulisema mimi na Kanae.

Wakala. Norimasa alifumba macho, akanywa maji kwanza, kisha akaingiza kofia nzima, akatafuna huku mabega yamepanda mpaka masikioni. Mabega yakashuka kidogo. Akatafuna tena. Yakashuka zaidi. Alipomeza, alifumbua macho akatazama mbele yake, uani, na mtu yule wa potasiamu na nyuzinyuzi hakuwa na hata neno moja la kutumia. Kanae alimshika mkono mbele yetu sote.

Lakini mimi nilikuwa nikimtazama mume wangu. Alikuwa ameacha kutafuna. Kisha akatafuna polepole sana, akasimama tena, kama anayesikia sauti chumba cha pili. Alipomeza, alinyoosha mkono akachukua kichwa kingine cha donko, akakiweka kwenye wavu, akangoja, akakila hicho nacho kitupu.

"Mama alikuwa akitupa hivi," alisema. "Soya ilikuwa ya Mwaka Mpya tu. Nilikuwa nimesahau kabisa." Alitazama ile chupa. "Mama Kanae."

"Naam."

"Miaka thelathini nimekuwa namwaga."

Nilitaka kumwambia kwamba nilimwambia. Nilikuwa na haki hiyo, nimeilea miaka mingi. Lakini nilijawa na furaha mno, furaha ya kipumbavu ya mtu aliyeokota kitu alichokwisha kukilia, nikaona nikifungua mdomo nitalia. Nikamjazia chai.

Baadaye akamgeukia Norimasa. "Hiyo michirizi hutoka baada ya muda gani?"

"Siku moja mpaka tatu, Mzee."

"Basi utakaa mpaka Jumanne."

Norimasa alipiga simu kazini akaomba ruhusa ya siku moja, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu. Kwa siku hizo tatu nyumba yetu ilikuwa na swali moja. Iwao alimsubiri kila asubuhi karibu na kisima.

"Umeota?"

"Sijaota, Mzee."

"Hata kidogo?"

"Nimelala fofofo, sijaota chochote."

"Mpuuzi wewe," Iwao alisema, akageuka upesi ili tusione kwamba anacheka.

Jumapili alimpeleka msituni, kwenye kivuli cha mierezi ambako magogo yetu yameegemezwa safu kwa safu. Niliwafuata na chakula. Niliwakuta Iwao akimwonyesha namna ya kuyaamsha: unalishika gogo lililolala usingizi mrefu, unalipiga kichwani kwa nyundo ya mti, mara mbili, si kwa nguvu, kisha unaliacha.

"Linajua?" aliuliza Norimasa.

"Radi ikipiga, uyoga hutoka. Sisi hatuna radi, tuna nyundo. Piga. Sasa mwache apumue, usimsimamie. Kuna gogo anayetoa uyoga baada ya siku nne, mwingine anakataa mwaka mzima, halafu unakuta ametoa donko mnene kuliko wa wenzake wote."

"Kwa kuchelewa?"

"Kwa baridi. Anayechelewa kwenye baridi hunenepa." Akamtazama kuanzia masikio mpaka viatu. "Una miaka mingapi tena?"

"Arobaini na mmoja."

"Hmm," alisema Iwao, akaendelea kupiga magogo.

Jumatatu mezani mkono wake ulikwenda kwenye chupa ya soya kwa mazoea, ukaigusa, ukarudi kuchukua ndimu. Kanae alinikanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu hata nikaumia. Msumeno, hata hivyo, ulikuwa bado msumarini. Nilikwenda kuutazama mara mbili siku hiyo, na tupa ilikuwa na vumbi lilelile. Usiku sikupata usingizi wa maana. Nilijiambia kwamba kula uyoga ni jambo moja na kumpa mtu magogo ni jambo lingine, na kwamba mume wangu anaweza kumpenda mtu na bado asimkatie mti.

Jumanne jua lilipochomoza kulikuwa na umande ulioganda kwenye nyungo. Norimasa alikwisha kuvaa koti la safari. Iwao alitoka na miwani yake ya kusomea, ambayo huivaa tu anapokagua magogo.

"Vua," alisema.

"Hapa, Mzee? Baridi hii?"

"Uyoga wangu umekaa nje usiku kucha. Vua."

Akavua koti, sweta, shati lililopigwa pasi na fulana, akasimama uani akitetemeka, mweupe kama figili iliyomenywa. Kanae alikuwa mlangoni na mkoba wake, mimi nyuma yake na kitambaa cha vyombo mkononi. Iwao alizunguka nyuma. Akaanzia shingoni, akapitisha kidole chake kigumu kwenye uti wa mgongo mpaka kiunoni, akainama, akatazama mbavu za kulia, akatazama za kushoto, akarudi tena juu kana kwamba anatafuta tundu la mdudu.

"Hakuna kitu," alisema. "Mgongo mtupu."

Norimasa alishusha pumzi ndefu yenye mvuke. Alitaka kuinama achukue fulana yake, lakini Iwao alikuwa hajamaliza. Aliinua mkono, kiganja wazi, akampiga mgongoni, katikati ya mabega, mara mbili. Haikuwa kwa nguvu, ila mlio wake ulifika mpaka ng'ambo ya ghala.

"Aa! Baba, hiyo ya nini?"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Norimasa alilisikia mwenyewe akaziba mdomo. Iwao alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Ili uote," alisema.

Akaondoka zake kuelekea ghalani. Tulisikia msumari ukilia, kisha kimya, kisha tupa ikaanza kusugua meno ya msumeno, jino moja baada ya jingine, bila haraka. Nilijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Kanae alikuwa amekwisha kuacha mkoba wake chini na kukimbia uani bila viatu, na Norimasa, kifua wazi kwenye baridi ile, alikuwa bado amegeukia ghala akisikiliza. Mgongoni mwake, katikati ya mabega, zilikuwa zimeanza kuota alama mbili nyekundu, na katika kila moja ungeweza kuhesabu vidole vitano vya mume wangu.